Unauza vitu vilivyotumika mtandaoni ukiwa Kigoma? Njia za kodi, na ipi ikufae

Voisi noti ilizunguka kwenye magrupu yetu ya mauzo, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Sauti ya mtu mwenye haraka inasema siku hizi ukiuza vitu 30 mtandaoni ndani ya mwaka, jina lako linapelekwa kwenye kodi. Kufika jioni watu walishaanza kufuta matangazo. Saa mbili usiku nikagongewa mlango na jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye tangu Januari anapunguza vitu vya nyumba iliyobaki na watoto wawili tu kati ya saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshauza thelathini na vinne. Nimekwisha?"

Nilimjibu hapohapo kwamba hajakwisha, lakini maelezo yalichukua chai mbili. Naandika hapa yale niliyomweleza, pamoja na hesabu ambazo wengi wetu tunaouza kwa simu hatujawahi kukaa chini kuzipiga. Mimi ni muuzaji, sio mhasibu. Nimelipa kodi hii kwa njia mbili tofauti, na moja ilinigharimu kwa ujinga wangu mwenyewe, nitaisimulia.

Thelathini imetoka wapi?

Namba hiyo haijatungwa, ila si ya kwetu. Ni ya Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Ulaya ilianza mwaka 2023, Uingereza ikafuata Januari 2024: masoko ya mtandaoni kama eBay na Vinted yanatakiwa kuipelekea mamlaka ya kodi taarifa za muuzaji aliyeuza mara 30 au zaidi kwa mwaka, au aliyepokea zaidi ya yuro 2,000. Hata huko, kuripotiwa si kudaiwa. Mwingereza anayeuza koti lake kuukuu hana kodi ya kulipa juu ya koti hilo, na hata anayefanya biashara ndogo pembeni ana msamaha wa pauni 1,000 za mapato kwa mwaka. Marekani wana kipimo chao cha dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Kiliwahi kushushwa kwenye karatasi hadi dola 600, kikaahirishwa na kuahirishwa, na mwaka 2025 sheria ikakirudisha pale pa zamani. Sisi wa Kigoma tuna ndugu na majirani wengi waliohamia huko kutokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo si ajabu habari ya kule ikavuka bahari ikiwa voisi noti na kutua Gungu bila viza.

Tofauti kubwa iko kwenye mfuko unaopokea hela. Kule soko lenyewe hupokea malipo, hukata chake, kisha humtumia muuzaji. Ndiyo maana linaweza kuhesabu. Huku Facebook, Instagram na WhatsApp kwetu ni ubao wa kubandika tangazo. Mteja anaona friji kwenye stetasi, anakuja inboksi, mnapatana, anakutumia kwa M-Pesa au Airtel Money, au anakuja Kibirizi na noti mkononi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haina habari ya vitu 30. Inauliza kitu kingine kabisa, na kazi ya kuhesabu imekuachia wewe mwenyewe.

Hilo la mwisho wengine wanalisikia kama ruhusa ya kujificha. Tangazo lako lina picha, bei na namba ya simu, na muamala wa simu una kumbukumbu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaofanya biashara mtandaoni wajisajili kama wafanyabiashara wengine. Duka la stetasi ni duka.

Vyako, au bidhaa?

Kabla hujalinganisha njia yoyote, jibu swali moja juu ya kila kitu unachouza: ulikinunua ukitumie au ulikinunua ukiuze? Idadi haina uzito hapa, wala mtandao, wala kwamba kimetumika.

Chukua mfano unaotokea mkoani kwetu kila mwaka. Mfanyakazi wa shirika moja kule Kasulu mkataba wake umeisha. Ana friji, kitanda cha sita kwa sita, jiko la gesi, sola na betri zake, televisheni, makochi. Anaposti vyote wiki moja, vinaondoka kwa milioni 9. Hizo ni hela nyingi kuliko nilizoshika mimi mwaka mzima, na hana kodi ya mapato ya kulipa juu yake. Sheria inapotaja uwekezaji unaotozwa kodi inaacha nje mali mtu anazomiliki kwa matumizi yake binafsi, isipokuwa mali kama ardhi na majengo. Hajafanya biashara, amehama.

Sasa chukua kijana aliyekuja na guta, akamwambia, "Bosi, nakupa milioni 5 nachukua vyote," kisha akaviuza kimoja kimoja kwa milioni 7 na nusu. Vitu ni vilevile, picha pengine ni zilezile, lakini huyu amefanya biashara. Na asijitetee kwamba ni mara moja tu maishani. Tafsiri ya biashara katika sheria inabeba hata mpango wa mara moja wenye sura ya biashara. Watu wengi huteleza hapa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba biashara ni lazima iwe na fremu, bango na leseni ukutani.

Katikati ya hao wawili tupo wengi. Mama anauza nguo zilizowabana watoto wake, zinakwenda vizuri, mwezi wa tatu anakwenda mnadani kuongeza nyingine. Zile za kwanza ni zake, zile za mnadani ni bidhaa. Siku ananunua ya kwanza kwa nia ya kuuza ndiyo siku biashara imeanza, na sheria inampa siku 15 za kujisajili tangu hapo.

Basi njia ya kwanza, ile ya kukaa bila kujisajili kama mfanyabiashara, inamfaa mtu wa vyake tu. Ukiichagua, weka ushahidi mdogo: usifute picha za kitu kikiwa sebuleni kwako, tunza risiti ya dukani kama ipo, acha maongezi ya mteja kwenye simu. Havina gharama, na siku ukiulizwa milioni 9 zimetokea wapi hutababaika.

Umeshakuwa muuzaji: bila kumbukumbu au na kumbukumbu?

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwa mauzo, na hatakiwi kuandaa mahesabu makubwa. Viwango vya ngazi za chini viliwekwa upya mwaka 2019 na vina safu mbili. Safu ya kwanza ni ya asiyetunza kumbukumbu, anatozwa kiasi kilichopangwa. Ya pili ni ya anayetunza, anatozwa asilimia.

Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi, safu zote mbili. Juu ya milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Juu ya milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Nimezipiga hesabu hivi:

| Mauzo ya mwaka (sh) | Bila kumbukumbu | Na kumbukumbu |
|---|---|---|
| 3,800,000 | 0 | 0 |
| 4,500,000 | 100,000 | 15,000 |
| 5,400,000 | 100,000 | 42,000 |
| 7,000,000 | 100,000 | 90,000 |
| 7,100,000 | 250,000 | 93,000 |
| 7,500,000 | 250,000 | 105,000 |
| 10,000,000 | 250,000 | 180,000 |
| 11,000,000 | 250,000 | 210,000 |

Tafuta mstari ambao safu ya katikati ni nafuu kuliko ya kulia. Haupo. Nilipoligundua hili nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ndani ya ngazi hizi mwenye daftari halipi zaidi ya asiye nalo hata siku moja, na kadiri unavyokuwa karibu na mwanzo wa ngazi ndivyo tofauti inavyouma. Aliyeuza milioni 4 na nusu analipa elfu 15 kama ana daftari, laki moja kama hana.

Angalia pia mistari ya 7,000,000 na 7,100,000. Bila daftari, kitanda kimoja cha laki moja ulichouza Desemba kinakuletea laki na nusu ya kodi zaidi. Yaani ungemgawia shemeji yako bure ungebaki na hela nyingi zaidi. Mwenye daftari kitanda hichohicho kinamwongezea shilingi 3,000.

Sasa kisa changu. Mwaka wa kwanza nilikwenda kukadiriwa mikono mitupu, bila hata karatasi. Mtu mmoja wa mtaani, mjuzi wa kila jambo, alikuwa ameninong'oneza kwamba nikitaja mauzo makubwa nitaonekana mfanyabiashara mzito na mkopo utatoka kirahisi. Nikajitajia milioni 8 kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa na yeyote. Nikalipa 250,000. Mkopo haukutoka. Nilipokaa baadaye kukusanya meseji zote za miamala pamoja na taslimu ninazozikumbuka, mauzo ya kweli yalikuwa kama milioni 5 na laki 4. Rudi kwenye jedwali uone ningelipa ngapi.

Kuna watakaosema daftari ni kazi. Si kazi kubwa. Mimi natumia kaunta buku na mistari mitano: tarehe, kitu, nilinunua ngapi, nimeuza ngapi, hela imeingia kwa njia gani. Jumamosi jioni nalinganisha na meseji za simu, robo saa imeisha. Ninazo laini mbili, moja ya nyumbani na moja ya mauzo yenye Lipa Namba, ili michango ya harusi na rambirambi isichanganyike na hela ya makochi. Kabla sijatenganisha, taarifa yangu ya miamala ilionyesha hela mara mbili ya nilizouza, maana kikoba chetu cha akina mama kilikuwa kinapita kwangu. Daftari lazima ulitunze miaka mitano, basi lisikae jikoni karibu na mkaa.

Kitu kingine kidogo chenye faida: mwache mteja amlipe boda mwenyewe. Ukipokea 130,000 ambayo 10,000 ni ya boda hadi Bangwe, ukaiandika yote kama mauzo, unalipia kodi hela ya bodaboda.

Kodi yenyewe hailipwi kwa mkupuo. Inagawanywa mara nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Elfu 42 ikigawanywa hivyo ni 10,500 kila robo, chini ya bei ya bando ninalonunua.

Njia ya tatu: kulipa kwa faida

Mfumo wa mauzo una ubaya wake, na kwa vitu vilivyotumika ubaya huo unaonekana haraka. Hautazami faida. Umenunua friji 300,000, umeitengeneza kwa 40,000, umeiuza 360,000: kwenye kodi ya mauzo inasomeka 360,000, wala si 20,000 uliyoipata. Muuza barafu na muuza friji wakiwa na mauzo sawa wanalipa sawa.

Sheria inamruhusu mtu kukataa mfumo wa mauzo na kuchagua kutozwa kwa faida, kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi. Hapo faida ya mwaka isiyozidi 3,240,000 haina kodi, na kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, kisha asilimia 20 na kuendelea kupanda hadi 30.

Tuseme wewe na mimi tumeuza milioni 10 kila mmoja. Kwa mauzo, na daftari, tunalipa 180,000 kila mmoja. Faida yako ni milioni 2 laki 4 kwa sababu unanunua vitu vya thamani na kuviuza kwa nyongeza ndogo. Ukichagua faida, kodi yako ni sifuri. Faida yangu ni milioni 6, kwa sababu naokota vitu vibovu kwa bei ya kutupa na kuvifufua kwa mikono yangu. Nikichagua faida nalipa 220,800, nimepoteza. Kwa mauzo ya milioni 10, mpaka uko kwenye faida ya karibu milioni 5 na nusu. Chini ya hapo njia ya faida inashinda kwa karatasi.

Kwa karatasi, nasema, kwa sababu njia hii inataka uthibitishe kila ulichokitoa. Ulinunua friji kwa nani? Kwa mwalimu anayehama. Risiti? Mwalimu hatoi risiti. Fundi aliyebadilisha kompresa? Yuko chini ya mwembe pale stendi, risiti yake ni neno lake. Gharama isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea, na ukikataliwa gharama, faida inavimba na kodi nayo. Unatakiwa pia kuwasilisha makadirio ya mwaka kufikia mwisho wa Machi, na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka mzima, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Ukimlipa mhasibu laki mbili akufanyie hayo ili uokoe laki moja na themanini, hesabu imeshajijibu.

Kwa hiyo naiona njia hii inamfaa mtu wa aina moja: anayenunua kwa wachache wanaoandika. Kwa mfano anayechukua mzigo kwenye minada ya taasisi, ambako anapewa hati ya malipo, au anayenunua simu na kompyuta kuukuu kwa wauzaji wa Dar es Salaam wenye mashine za risiti na kuzisafirisha huku. Huyo karatasi anazo tayari, na faida yake kwa kila kipande ni nyembamba. Mimi ninayenunua kwa majirani, hapana.

Kuna kundi ambalo kuchagua kwenyewe kumefungwa kidogo, na halipendi kusikia: mwalimu, nesi, mtumishi yeyote mwenye mshahara anayeuza pembeni. Mfumo wa mauzo umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye mapato yake ya mwaka ni ya biashara ya hapa nchini pekee. Mwenye mshahara mapato yake yana vyanzo viwili, na faida ya pembeni inatakiwa kujumlishwa na mshahara. Kama mshahara umeshavuka ngazi ya asilimia 8, faida ya makochi inaanzia ngazi ya juu zaidi. Mtumishi anayenunua na kuuza kila mwezi aanze kutunza karatasi za manunuzi tangu leo, kwa sababu kwake kila gharama iliyothibitishwa ina thamani kubwa kuliko kwangu.

Dalali wa stetasi

Magrupu yetu yana madalali wengi kuliko wenye mali. Unaposti friji ya mtu, mteja anakutumia 400,000, unamkabidhi mwenye friji 370,000, thelathini ni zako. Mapato yako ya biashara ni thelathini. Lakini simu yako inasema umeingiza laki nne, na vitu 20 vya namna hiyo vinakufikisha milioni 8 zinazoonekana ni zako.

Dawa ni mbili. Nzuri zaidi ni kumwelekeza mteja amlipe mwenye mali moja kwa moja, kisha mwenye mali akupe chako. Sote tunajua kwa nini madalali hawapendi: chao hugeuka hadithi. Ya pili ni kupata meseji ya mwenye mali kabla ya kuuza, "niuzie friji yangu, nipe 370,000", na siku hiyohiyo kumtumia hela yake kwa simu badala ya taslimu. Kwenye daftari andika mistari miwili, ya mwenye mali na ya kamisheni. Ukijilinda hivyo, dalali wa kawaida wa hapa mjini pengine hafiki hata milioni 4 kwa mwaka, na kodi yake kwenye mfumo wa mauzo ni sifuri.

Mambo madogo yanayoulizwa sana

"Nina TIN niliyopewa kwa ajili ya leseni ya udereva, itanifanya nidaiwe?" TIN ni namba ya mlipakodi, na isiyo ya biashara haikufanyi mfanyabiashara. Ukianza biashara unakwenda kuomba ibadilishwe iwe ya biashara, na TIN haiuzwi. Anayekutoza hela ya namba yenyewe anakuibia.

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile kilichoanza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 na baadaye kikahamia kwenye mfumo mpya wa kidijitali, kililenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Kwa anayeuza kwa simu akiwa sebuleni faida yake ni ndogo. Kwa anayeposti mchana na kutandaza chini jioni pale Mwanga, kinamfaa.

Leseni ya biashara ni jambo la halmashauri, na kodi ya mapato ni jambo la TRA. Kuwa na kimoja hakufuti kingine.

Pikipiki na gari usiviweke kwenye kapu moja na makochi. Hata kama ni chako na hakina kodi ya mapato, umiliki lazima uhamishwe na kuna ada na ushuru wa stempu. Usimkabidhi mtu funguo kwa ahadi ya "nitabadilisha kadi nikifika Uvinza".

Kiwanja na nyumba ndivyo hasa vilivyoachwa nje ya ule mlango wa mali binafsi. Mkazi akiuza ardhi kwa faida kuna kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo, hata kama tangazo lilikuwa kwenye grupu lilelile la masufuria. Nyumba uliyoishi mwenyewe ina msamaha wake ikiwa faida ni ndogo; hilo ulizia kabla ya kusaini, usiulizie baada.

Mauzo yakivuka milioni 11, safu ya "bila kumbukumbu" inafutika kabisa na mashine ya risiti, EFD, inaingia. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iko mbali sana na sisi: usajili wake unaanzia mauzo ya milioni 200 tangu Julai 2023, kwa hiyo anayekutisha nayo kwenye grupu mwache aongee. Na kwa sababu Sheria ya Fedha hupitishwa kila Juni na kuanza Julai mosi, wiki ya kwanza ya Julai napita ofisi ya TRA kuuliza kama jedwali langu bado linasimama. Kuuliza hakutozwi.

Nani achague nini

Anayehama, anayepunguza nyumba, anayeuza nguo zilizowabana watoto: usisajili biashara usiyokuwa nayo. Tunza picha.

Anayenunua ili auze, hata kama ni vitu vitatu kwa mwezi: TIN ya biashara na daftari tangu siku ya kwanza. Wakati mauzo yako chini ya milioni 4 daftari ndilo linaloonyesha kwamba yako chini ya milioni 4, na ukivuka ndilo linalokutoa kwenye laki moja na kukuweka kwenye elfu 15. Safu ya bila kumbukumbu siioni inamfaa nani, labda mtu ambaye mauzo yake yamegota kwenye milioni 7 kamili na anachukia kalamu kiasi cha kulipia elfu 10.

Mwenye mzigo wa hati na faida nyembamba: piga hesabu ya faida mara moja kila Januari, linganisha na asilimia 3, kisha amua kabla ya Machi. Mwenye mshahara: karatasi za manunuzi kwanza, stetasi baadaye.

Anayevusha friji kwa boti za Kibirizi kwenda Kalemie au Bujumbura ana mambo ya forodha juu ya haya yote, na hayo yanataka andiko lake.

Jirani yangu, tukipitia orodha yake, vitu 33 kati ya 34 vilikuwa vya nyumba yake, alivyovinunua miaka hiyo akiwa kazini. Cha 34 kilikuwa cherehani. Alinunua kwa binti wa Buzebazeba kwa 120,000 kwa sababu, kwa maneno yake, "niliona kabisa mtu atatoa laki na themanini." Alitoa kweli. Akacheka, akafunga kanga vizuri, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alinionyesha kaunta buku jipya. Ukurasa wa mbele ameandika VYANGU kwa herufi kubwa za kinesi, zile za kwenye kadi za kliniki. Amegeuza daftari kichwa chini na kuanza upya kwa nyuma: VYA KUUZA. Cherehani ameiandika huko nyuma, mstari wa kwanza, na chini yake ameshaandika pasi mbili za umeme ambazo bado sijamuuliza amezitoa wapi.